Chombo Kilichoruka Mara Mbili

Zuwena, shoga yangu,

Sijui mtu aliyekwisha kwenda huandikiwaje, basi naandika vile nilivyokuwa nikizungumza nawe garini. Leo Ijumaa. Watu washakula, kila mmoja kajitafutia pa kujinyoosha, na mie nimekaa sebuleni na karatasi mbele yangu kama msichana wa skuli. Mume wangu kaniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni mambo ya kazi. Si uwongo. Kwani mie na wewe lini tulianza mazungumzo ya nyumbani tukayamaliza bila ya kazi kuingia?

Nataka nikupe khabari ya kile chombo. Nataka uipate kwangu, maana kule wizarani kila mtu anaisimulia kwa namna ambayo yeye anatoka msafi. Na nna khabari ya Saleh wako. Hiyo ngumu zaidi. Nitaifikia.

Siku hizi naendesha peke yangu. Asubuhi nikiteremka mlima wa Amerat kuingia Muscat, gari zimeshaanza kushikana kule chini, mkono wangu unakwenda wenyewe kupunguza redio, kwa kuwa wewe hukupenda makelele kabla ya chai. Kisha nakumbuka kiti cha pembeni hakina mtu. Basi naiacha redio chini hivyo hivyo mpaka kazini Al Khuwair.

Meza yako wamempa mhandisi mmoja anaitwa Yusuf, mtu mzima, mpole, ana mvi. Nilimshuku tangu alipokaa. Nilimshuku kwa nini kaja upesi hivyo, nani kamleta, kwa nini hajauliza chochote kuhusu wewe. Kumbe alikuwa akiona haya tu. Lakini ndivyo nilivyokuwa tangu ulipoondoka, Zuwena. Nilimshuku kila mtu. Hata mpishi wa chai pale ofisini nilimtizama mara mbili alipoacha kunitilia sukari.

Unakumbuka siku niliyokuuliza hiyo ndege ya anga za juu ina nini hata serikali itie mkono wake? Tulikuwa garini, nimekwama nyuma ya lori la maji. Mie mwanasheria, kazi yangu mikataba, sijui bawa wala mkia. Ukanambia: "Rahma, fikiria unatoka Amerat kwenda kazini, ukifika Al Khuwair unalichoma gari lako moto. Kesho unanunua lingine. Roketi nyingi ndivyo zilivyo, zinakwenda mara moja tu. Sisi tunataka gari linalorudi nyumbani, likapoe, kesho litoke tena." Mie badala ya kukushukuru nikakucheka hilo "lingine" lako la Tabora, nikakwambia kwetu Unguja gari ni "nyengine". Ukanambia Waunguja mngekuwa na bidii ya kazi kama mliyonayo ya kusahihisha watu, mngeshafika mwezini.

Nimecheka peke yangu hapa. Mume wangu kanyanyua kichwa, kakirudisha.

Basi ndiyo ilikuwa biashara yenyewe: kuunda chombo kinachopanda juu kabisa kupeleka setilaiti, kikarudi kutua kwa magurudumu kama ndege, kikaruka tena. Serikali itoe ardhi, uwanja kule jangwani na sehemu ya fedha. Kampuni ya kigeni ilete ujuzi na ifundishe watu wetu. Mali iwe ya wote wawili. Ushirikiano. Kila aliyesimama kuhutubia alilitafuna neno hilo kama halwa. Wewe ulikaa nyuma kabisa na mikono yako umeikunja, ukaninong'oneza: "Mtu akilisema neno mara nyingi hivyo, mtazame mikononi."

Na wewe ndiye uliyeng'ang'ania ile ibara. Kwamba wahandisi wa serikali wataingia popote chombo kilipo, wakati wowote, bila kuomba ruhusa. Nilikwambia hakuna kampuni itakayokubali. Ukasema, "Basi tujue mapema." Walibishana mpaka kahawa ikapoa kwenye birika la dalla. Bwana Martin, yule mkubwa wa kampuni, mwenye Kiarabu chake cha maneno manne, alikuwa akicheka na kila mtu isipokuwa wewe. Mwisho wakakubali, nikaandika, wakatia saini. Nikadhani tumeshinda. Wewe ukasema, "Kukubali ni rahisi."

Mruko wa kwanza unaujua kuliko mie, lakini nataka kuusimulia, kwa sababu ndio mara ya mwisho tulipokuwa pamoja pahala nje ya nyumba na hospitali. Kile chombo kidogo cha majaribio, hakina rubani, kimebebwa tumboni mwa ndege kubwa, kikaachiwa juu kule hata jicho halikioni. Tukasubiri. Kisha kikaonekana cheupe, kinateremka bila sauti. Kiligonga chini kwa nguvu, kikaruka kidogo, kikagonga tena, kikajivuta mpaka kikasimama. Watu wote wakapiga makofi. Wewe ulikuwa ushaanza kukimbia, na ugonjwa wako ule, abaya limejaa vumbi, mie nyuma yako nakwambia pole pole.

Ukapiga magoti chini ya ubavu wa kushoto, penye mguu wa gurudumu. "Rahma, njoo uone." Nikaona ufa. Mwembamba, kama unywele umenasa kwenye rangi, lakini ulikuwa umeingia kwenye chuma chenyewe, kile ulichokiita uti wa mgongo. Ukatoa kalamu yako ya buluu mkobani, ukachora alama pale ufa ulipoishia, ili tujue kama utatambaa. Martin akafika anatweta. Akautizama ufa, akakutizama wewe, akatabasamu. "Mafi mushkila," akasema. "Mafi mushkila, ukhti." Hakuna taabu, dada. Akawaashiria watu wake wakakifunika.

Ulipolazwa, nilikuja kukuona, nawe ukawa huna nguvu ya kuzungumza, lakini ulizungumza. Ukanambia ufa kama ule hauzibwi upesi. Lazima wafumue ubavu mzima. "Wakikwambia kiko tayari haraka haraka, usikubali." Mie nilikuwa nakupangusa mikono. Nilisema sawa, sawa, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Kisha ukaenda.

Siwezi kuyaandika yale. Naruka.

Kampuni ilileta chakula msibani kwenu. Masinia kwa masinia ya wali na mbuzi, mengine yakarudi hayajaguswa. Sikula. Mama yako alinilazimisha, nikamwambia nimefunga. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, akanambia baadaye kuwa Martin alikaa karibu na Saleh muda mrefu, kamshika mkono, anamuuliza atafanya nini sasa, watoto watakuwaje. Nikasema moyoni, huyu mtu mkewe kazikwa leo, we unamuuliza atafanya nini?

Haukupita muda, Saleh akaajiriwa na kampuni. Msimamizi wa usalama wa uwanja kule jangwani. Nilisikia ofisini, si kwake. Nilijua Saleh ni rubani mstaafu, anaujua uwanja, anaweza kazi ile. Lakini pia nilijua wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiwauliza maswali, na sasa mumeo anavaa koti lao lenye nembo kifuani. Nikajiambia: wamemnunua. Kisha nikajiambia: au alikuwa wao tangu zamani, na yote uliyokuwa ukimhadithia kitandani yalikuwa yakifika kwao. Naona haya kukuandikia hivi, lakini ndiyo niliyofikiri, na nikaendelea kuyafikiri.

Mara tukaambiwa chombo kiko tayari kwa mruko wa pili. Haraka haraka, kama ulivyosema.

Tulikwenda watu wengi. Wakubwa kutoka wizara nyengine, mahema, mazulia, kahawa na halwa, na keki kubwa iliyotengenezwa kwa umbo la chombo, magurudumu yake ya chokoleti. Kikaachiwa, kikateremka, kikatua laini kama mtu anayetandika shuka. Makofi yakapigwa zaidi kuliko mara ya kwanza. Mkataba unasema chombo kikiruka mara mbili na kurudi salama, serikali itatoa fungu linalofuata na hatua kubwa itaanza. Mudiri wetu, mkuu wa idara, alikuwa na machozi machoni. Nami nilisogea, nikainama ubavu wa kushoto kama ulivyofanya wewe.

Hapakuwa na ufa. Sawa, wameutengeneza. Lakini hapakuwa na alama ya kutengenezwa pia. Wala kiraka, wala rangi iliyopishana, wala vile vigae vya kuzuia joto kuwa vipya pale na vya zamani pengine. Kilikuwa kipya chote. Kama hakijawahi kugusa ardhi.

Nikanyanyua macho. Saleh alikuwa kasimama pembeni mwa Martin. Aliponiona ninamtizama aligeuza uso.

Nilikwenda kwa mudiri kesho yake. Nikamwambia nashuku si chombo kile kile. Nashuku wana viwili, kimoja kimevunjika wamekificha, na hiki kimeruka mara yake ya kwanza jana.

Akavua miwani. "Bi Rahma, una hakika au una wasiwasi?"

"Nna wasiwasi."

"Wasiwasi hauandikwi kwenye ripoti."

"Basi tuingie tukaangalie. Mkataba unaturuhusu."

"Mkataba unaturuhusu," akasema, "lakini kumwingilia mshirika wako ghafla ni kumwambia humwamini. Waombe kwa adabu."

Nikawaomba kwa adabu. Wakajibu kwa adabu. Sakafu ya banda la chombo inapigwa rangi. Kisha ikawa kuna gesi, si salama kwa wageni. Mie mgeni, kwenye ardhi yetu! Kisha ikawa wanasubiri idhini ya makao yao makuu. Yusuf alikuwa akizisoma barua pepe zile nyuma ya bega langu, na kwa mara ya kwanza akafungua mdomo: "Mtu mwenye kitu cha kujivunia hutaka ukione." Siku hiyo nikaacha kumshuku Yusuf.

Ndipo nikaenda kwenu. Ilikuwa alasiri. Mama yako yumo jikoni, binti yako Hanan yuko masomoni, Saleh kakaa majlisi, chumba cha wageni, peke yake, na lile koti la kampuni limetundikwa kwenye kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "hii kazi walikupa kabla ya msiba au baada?"

"Unauliza nini, Rahma?"

"Nauliza hivyo hivyo nilivyouliza."

"Baada. Martin kanipigia mwenyewe. Kasema wanataka mtu anayeujua uwanja."

"Na marubani wastaafu Muscat nzima ni wewe tu?"

Akayakaza mataya kama unavyomjua. "Unadhani wameninunua," akasema.

Ningeweza kumwambia hasha, shemeji, nani kasema. Sikumwambia. Nilimtizama tu, na ndani ya macho yangu aliona ninavyodhani, kwa sababu alisimama akaenda dirishani akanipa mgongo.

"Sijawahi kuingia kwenye banda lile," akasema. "Nasimamishwa mlangoni. Naambiwa kazi yangu ni huko nje."

"Na hukushangaa?"

"Mke wangu kafa, Rahma. Nilikuwa sishangai kitu."

Mama yako akaingia na chai. Alisimama na sinia mkononi, akatuangalia mmoja mmoja. "Mnagombana nini nyie, na nguo zake hata hazijagawiwa?" Tukanywa chai. Niliondoka sijui nimwamini au nisimwamini. Njiani nilijiambia mtu muongo angekasirika zaidi. Kisha nikajiambia la, muongo mzuri angekasirika kadiri ile ile.

Ukapita muda hatukusemeshana. Kisha asubuhi moja, nimekaa kazini, simu ikaita. Saleh. Sauti yake ilikuwa chini.

"Kuna ndege ya mizigo inakuja leo. Martin anasema chombo kinapelekwa kwao kusafishwa."

"Kusafishwa?"

"Nisikilize. Mie ndiye ninayetoa ruhusa ya kupakia uwanjani. Nimeyaona masanduku, Rahma. Ni mawili. Yote sawa, marefu sawa, uzito mmoja." Akavuta pumzi. "Chombo kimoja, masanduku mawili. Zuwena angeuliza."

Nililia pale pale mezani, Zuwena, simu bado ipo sikioni. Yusuf akanisogezea maji.

Nikaenda kwa mudiri bila kupiga hodi. Nikamwambia, sasa si wasiwasi. Akanitaka nitoke, akafunga mlango, akapiga simu. Nilisimama nje namsikia sauti lakini sishiki maneno. Niliamini kabisa anamwonya Martin. Nilikuwa nishashika kitasa niingie nimkabili, mlango ukafunguka, katoka kajifunga kilemba chake vizuri, akasema, "Twende." Mpaka leo sijui alimpigia nani. Lakini ndege ya mizigo haikuruka siku ile.

Tukashika njia ya jangwani. Mie, yeye, Yusuf nyuma, na mkataba mapajani mwangu.

Saleh alitusubiri penye geti. Alikuwa hana koti lile. Walinzi walipotaka kutuzuia, aliwaambia yeye ndiye msimamizi wa usalama wa uwanja na anaona ni salama watu hawa waingie. Hakunitizama. Mlango mkubwa ukasukumwa, tukaingia.

Masanduku yalikuwa bado hayajapigwa misumari. Yusuf akaomba yafunguliwe. Watu wa kampuni wakatizamana, hakuna aliyesogea, basi Saleh na Yusuf wakanyanyua vifuniko wenyewe.

La kwanza, kile kizuri, cheupe, magurudumu yake yana vumbi la mtuo mmoja.

La pili, Zuwena, ndilo lako. Mguu wa kushoto umetolewa wote, ubavu umefumuliwa nusu ukaachwa hivyo, waya zinaning'inia. Walijaribu kuutengeneza wakashindwa. Yusuf akawasha tochi akainama, kisha akaniita. Alama yako ya buluu ilikuwepo. Hawakuifuta. Labda hawakujua ni nini. Na ufa ulikuwa umeipita, umekwenda mbele, urefu wa kiganja.

Nikaweka kidole pale kwenye wino wako. Saleh alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anasema Ya Rabbi, pole pole, akatoka nje.

Martin akaja. Sikutegemea angekuwa mtulivu vile. Hakukana, hakubabaika. Alieleza kuwa vyombo viliundwa viwili tangu mwanzo, ndiyo desturi yao, na vyote ni vya aina moja. "Sisi hatukusema ni kile kile," akasema. "Na nyinyi hamkuuliza."

Nikamwambia, "Aliuliza mmoja."

Nadhani alikuwa hakumbuki jina lako. Au analikumbuka sana. Hilo nalo sijalijua.

Mudiri akasema neno moja tu: "Khalas," imetosha. Akaomba milango ifungwe na hakuna kitu kitoke.

Sasa ungetaka kujua walifungwa, walifukuzwa, au vipi. Sivyo, shoga yangu. Kulikuwa na vikao, na vikao juu ya vikao. Martin aliondoka, wanasema kwa hiari yake. Fungu la fedha likazuiliwa. Wengine walitaka ushirikiano uvunjwe siku ile ile, wengine wakasema tumeshafika mbali, na watu wetu washajifunza mengi, tutawaambia nini. Kampuni ikaandika kuomba radhi, barua ndefu, nzuri, haina hata mstari mmoja unaosema wamefanya nini. Mwisho ikakubaliwa: chombo chako, kile cha ufa, kitengenezwe upya hapa hapa, mbele ya macho ya wahandisi wetu, na hicho hicho ndicho kitakachoruka, kirudi, kiruke tena. Kikishindwa, hakuna hatua inayofuata, kila mtu aende kwao.

Mudiri wamemhamisha. Hakuaga. Na mie wamenipandisha cheo, nimekuwa mkubwa wa kusimamia mkataba wote. Watu wananipongeza kwenye ngazi. Mie nashuku. Nashuku kwa sababu mtu mwenye cheo ana kitu cha kupoteza, na mtu mwenye kitu cha kupoteza hunyamaza upesi. Nimemwambia Yusuf akiniona naanza kusema "tusiwaudhi washirika wetu" anipige teke chini ya meza. Kaitikia kwa adabu zake zile, lakini naamini atanipiga.

Saleh kaiacha kazi ile. Alikuja nyumbani kwetu na mama yako na watoto, Ijumaa moja, mama yako kapika samaki wa nazi kwa ugali, akanambia hicho ndicho chakula cha watu wenye akili. Baada ya kula Saleh akanambia, mbele ya mume wangu, kuwa alijua tangu siku aliyopigiwa simu kwamba kuna kitu hakiko sawa. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno na kule jangwani walau kulikuwa na upepo. Nikamwambia samahani, shemeji. Akasema, "La. Yeye pia angenishuku." Tukacheka, kisha hatukucheka. Anafundisha sasa, skuli ya urubani. Kakonda lakini anakula. Hanan anasema anataka kusomea vyuma, kama wewe. Baba yake anasema amalize kwanza hesabu zake.

Juzi kampuni imeleta mkubwa mpya. Mwanamke, kijana kuliko sisi, anavaa viatu vya kazi. Siku yake ya kwanza kanipa ufunguo wa banda kwa mikono miwili, anatabasamu, anasema kuanzia sasa hakuna siri. Nikapokea, nikamshukuru, nikamkaribisha kahawa. Nikatizama uso wake wote na sikuona ubaya. Kisha jioni ile ile nikapita Ruwi nikanunua kufuli kubwa kabisa iliyokuwepo dukani, na kesho yake nimekwenda jangwani nikaifunga pembeni ya yao. Sasa mlango haufunguki wao bila mie, wala mie bila wao. Alipouona yule mwanamke aliduwaa, kisha akacheka. Akasema kwao angefanya hivyo hivyo. Inawezekana ananipenda. Inawezekana anatafuta fundi wa kufuli. Hatuna haja ya kujua. Kazi inakwenda.

Kitaruka joto likipungua, inshallah. Sijui kama kitarudi. Sijui kama kikirudi kitaruka tena. Yusuf anasema ubavu umekaa vizuri, kauangalia kila asubuhi, na pale penye wino wako hakuruhusu papigwe rangi.

Nikuache upumzike. Nakuahidi mambo mawili tu, maana mengi ntayasahau. Mama yako hatokula Ijumaa peke yake maadamu mie ni mzima. Na saini yangu haiendi popote mpaka niinue kichwa changu, nione chombo kinateremka kwa mara ya pili, nikifuate mbio, nipige magoti kwenye lami ya moto, nihakikishe ni hicho. Wakinikimbiza, ntarudi. Wakinibembeleza, ntarudi upesi zaidi.

Kwa kheri, shoga yangu. Mwenyezi Mungu aikunjue nafasi yako, akupe usingizi usio na maumivu.

Wako, mwenye "gari nyengine",
Rahma